Lengo Linaloshuhudiwa

Mhadhara kwa wasimamizi wa mafunzo kazini wa hospitali na vyama vya ushirika, Kasese



Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo wengi wetu hulifanya kwa haraka katika wiki za mwisho za mwezi wa Juni, nalo ni kuandika malengo ya mwaka ya mafunzo kazini. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1 na kumalizika Juni 30, kwa hiyo Juni ndio mwezi wa majedwali. Mkuu wa idara anaomba orodha. Msimamizi wa mafunzo analitoa jedwali la mwaka uliopita, anabadilisha tarehe, anaongeza semina mbili, anapeleka. Sikuja kumlaumu mtu, maana naijua presha ya wiki zile. Nimekuja na dai moja ambalo nitalitetea hadi nitakapokaa: lengo la mafunzo kazini halijawa lengo mpaka litaje tendo ambalo mtu mwingine anaweza kulishuhudia likifanyika mahali pa kazi, na likifanywa na yule hasa ambaye kazi hiyo imo mikononi mwake.

Tukilikubali dai hili, sehemu kubwa ya majedwali yetu inaanguka. Idadi ya semina inaanguka, idadi ya waliohudhuria inaanguka, na hata alama za mtihani wa mwisho wa semina hazisimami peke yake. Najua hilo ni gumu kulipokea, kwa sababu hesabu hizo ndizo wafadhili na wizara huziuliza kwanza. Lakini wilaya hii ina ushahidi ambao wilaya nyingi hazina, na ningependa tuanze nao.

Juni 2019 mlipuko wa Ebola uliotangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018 ulikuwa unakaribia kutimiza mwaka, ng'ambo tu ya mto Lhubiriha. Tarehe 9 Juni familia iliyokuwa imetoka Kongo ilimfikisha mtoto wa miaka 5 katika Hospitali ya Kagando, akitapika damu. Wahudumu wa pale walishuku Ebola. Mtoto alihamishiwa kitengo cha kutibu Ebola cha Bwera, sampuli zikapelekwa Taasisi ya Utafiti wa Virusi kule Entebbe, na tarehe 11 Juni jibu likarudi kwamba ni yenyewe. Mtoto alifariki. Bibi yake na mdogo wake wa miaka 3 nao walithibitishwa kuwa na ugonjwa huo, na wote wawili hawakupona. Mwishoni mwa Agosti mwaka uleule, msichana wa miaka 9 kutoka Kongo alitambuliwa na wakaguzi wa mpaka wa Mpondwe, akatengwa, akafikishwa Bwera, na akafia hapo. Baada ya vifo hivyo vyote, hakuna mtu hata mmoja aliyeambukizwa ndani ya Uganda. Ng'ambo ya pili mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 wamekufa.

Nini kilileta tofauti? Chanjo ilichangia: kabla ya mtoto yule kufika, wahudumu wa afya karibu 4,700 wa vituo 165 nchini walikuwa wameshachanjwa, wakiwemo wa hapa. Kitengo cha Bwera kilikuwa tayari kabla hakijahitajika. Ukaguzi wa mpakani ulichangia pia. Ila kuna kitu kimoja kisichochanjwa wala kujengwa. Mtu fulani pale Kagando alimtazama mtoto mgonjwa miongoni mwa watoto wengi wagonjwa, akaunganisha dalili na mahali familia ilikotoka, na akachukua hatua. Wahudumu walikuwa wamefundishwa kuzitambua dalili hizo, lakini mafunzo yaliyobaki kichwani yasingemfikisha mtoto Bwera. Yalimfikisha kwa sababu yaligeuka swali lililoulizwa, kisha kutengwa kwa mgonjwa. Hilo ndilo tendo ninalotaka lionekane katika majedwali yenu, na lilichukua dakika chache tu za siku ya kazi.

Sasa niwapeleke Gulu, mwaka 2000, kwa sababu huko kuna upande wa pili wa somo hili, nao ni mchungu. Mlipuko wa Ebola wa huko uliwapata watu 425 na kuua 224. Daktari Matthew Lukwiya wa Hospitali ya Lacor ndiye aliyeitwa kutoka Kampala wanafunzi wa uuguzi walipoanza kufa, ndiye aliyekesha akipitia majalada ya wagonjwa mpaka akashuku ni nini, na ndiye aliyesimamisha wodi ya kutengea wagonjwa kabla wataalamu wa nje hawajafika. Katika hospitali ile hakuna aliyejua zaidi yake namna ya kujikinga. Usiku mmoja muuguzi wake aliyekuwa mahututi alizidiwa, na daktari akamkimbilia. Inaaminika kwamba alikuwa amevaa karibu kila kitu isipokuwa kinga ya macho. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000.

Nalitaja jina lake kwa heshima kubwa, na sitaki mtu aondoke hapa akifikiri namhukumu. Nataka tuone kwamba ujuzi, hata ule wa hali ya juu kabisa, haulindi mtu saa nane za usiku mwenzake anapokata roho. Kinachomlinda ni mkono uliozoea, na mwenzake aliyesimama mlangoni akiwa na mamlaka ya kumwambia: daktari, rudi, miwani. Mkono hauzoei kwa semina ya siku mbili. Unazoea kwa kurudia mbele ya mtu anayetazama. Mwaka 2022, Ebola ilipozuka Mubende, wahudumu wa afya 19 waliambukizwa na 7 wakafa. Nchi hii imefundisha juu ya Ebola kwa miaka mingi sana. Hatuwezi kusema watu hawakuwahi kusikia.

Waliovaa na kuvua vazi la kujikinga wanajua ninachosema. Kuvaa ni kazi rahisi. Hatari iko kwenye kuvua, mtu akiwa amechoka, amelowa jasho, na miwani imejaa mvuke. Kila hatua inatanguliwa na kunawa glavu kwenye maji ya klorini. Miwani inavutwa kwa nyuma, macho yamefumbwa. Kando yake anasimama mwenzake anayesoma hatua moja baada ya nyingine kwa sauti, na aliyevaa haruhusiwi kutangulia hata kama ameshaifanya kazi hiyo mara mia. Huo ndio mfano wangu wa mafunzo kazini yanayoshuhudiwa: kuna mtendaji, kuna shahidi, kuna hatua zinazojulikana, na kosa linarekebishwa palepale kabla halijaua.

Swali linalofuata ni la nani. Nimesoma mipango mingi ya mafunzo ya hospitali za Afrika Mashariki, na karibu yote inaanza na madaktari, inashuka kwa maafisa wa tiba na wauguzi, na kuishia hapo. Mfagizi hayumo. Askari wa getini hayumo. Dereva wa gari la wagonjwa akibahatika ametajwa chini kabisa. Lakini mgonjwa anapokuja na bodaboda kutoka Mpondwe, wa kwanza kuonana naye ni askari. Yeye ndiye anayemwonyesha njia, mara nyingine ndiye anayemsaidia kushuka kwa kumshika mkono. Askari akiwa hajui kuuliza umetoka wapi, basi mstari wa kwanza wa ulinzi wetu hauna mtu.

Na mfagizi ndiye anayechanganya klorini. Naomba mnivumilie nikae kidogo hapa. Kuna michanganyiko miwili. Wa asilimia 0.5 ni wa glavu, viatu, sakafu na vyombo vilivyochafuka. Wa asilimia 0.05 ni wa mikono mitupu. Ule wa kwanza una nguvu mara 10 kuliko wa pili. Ukitumia unga wa klorini wa asilimia 70, jerikeni la lita 20 linahitaji gramu 143 hivi kupata mchanganyiko wa 0.5. Mchanganyiko huo hupungua nguvu ukikaa, hasa juani, na hivyo lazima ukorogwe upya kila siku. Mfagizi aliyezidisha atawachubua wenzake mikono mpaka waache kunawa. Aliyepunguza atawapa maji matupu yanayonuka dawa. Hakuna profesa atakayelijua kosa hilo kwa kuyatazama maji ndani ya ndoo. Yote yamo mikononi mwa mtu anayelipwa kidogo kuliko wote katika jengo, ambaye katika hospitali nyingi hajawahi kukalishwa akaonyeshwa kijiko cha kupimia, na ambaye pengine maandishi ya Kiingereza kwenye kopo hayasomi.

Kwa hiyo lengo la mwaka linaweza kuandikwa hivi: kufikia Septemba 30, kila mfagizi wa kila zamu aweze kukoroga michanganyiko yote miwili bila kusaidiwa, mbele ya mwenzake, na aeleze upi ni wa nini; tutamtazama tena kila miezi mitatu, siku ambayo hakuambiwa. Hapo tuna mtu, tendo, shahidi na tarehe. Mkaguzi wa wilaya akifika, haonyeshwi karatasi ya mahudhurio. Anapelekwa kwenye ndoo.

Wataalamu wa nje wamelifikia wazo hili kwa njia zao, na si vibaya kuwataja kwa ufupi. Mwaka 1959 Mmarekani Donald Kirkpatrick alieleza kwamba mafunzo yanaweza kupimwa kwa ngazi nne: kama watu waliridhika, kama walijifunza, kama wanatenda tofauti warudipo kazini, na kama matokeo ya kazi yamebadilika. Ripoti zetu nyingi hukomea ya kwanza, au ya pili zikijitahidi. Mwingine, George Doran, aliandika mwaka 1981 makala fupi kuhusu namna ya kuandika malengo, ambayo vigezo vyake vitano vimezunguka dunia nzima na vimebandikwa kwenye kuta za ofisi nyingi. Katika orodha yake ya awali kigezo kimojawapo kilikuwa kwamba lengo litaje nani atakayelitekeleza. Orodha nyingi zinazozunguka leo zimekiacha kigezo hicho na kuweka badala yake kwamba lengo liwezekane kufikiwa. Naona tumepoteza kikubwa hapo. Lengo linalowezekana lakini halina mwenyewe, mwaka utaisha likiwa palepale.

Lakini kwa nini twende Marekani wakati Kyarumba iko hapo mlimani?

Wengi wenu mnakijua chama cha Bukonzo Joint. Kwa wasiokijua: ni chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, cha kuweka na kukopa, chenye makao Kyarumba, kwenye miteremko ya Rwenzori. Tangu miaka ya 2000 wanachama wake, wengi wao wanawake, na wengi wasiokuwa na kisomo kirefu, wameshiriki kuunda namna ya kujifunza inayotegemea kuchora. Waliifanya wakishirikiana na mtafiti Linda Mayoux, na baadaye shirika la Oxfam Novib, na leo inajulikana kwa kifupi GALS na imetumiwa katika nchi nyingi za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Kasese imeupa ulimwengu njia ya kupanga malengo, na mara nyingi sisi wenyewe tunapokutana kupanga tunatafuta fomu kutoka Kampala.

Niwaeleze mchoro mmojawapo, maana unahusu hasa mada yetu. Mkulima anachukua daftari. Juu kulia anachora duara kubwa, na ndani yake anachora maisha anayoyatamani: nyumba ya bati, watoto shuleni, shamba lenye matuta, mume na mke wakihesabu fedha pamoja. Chini kushoto anachora duara jingine, la hali yake ya leo, jinsi ilivyo bila kuificha. Anaunganisha maduara hayo kwa njia iliyonyooka inayopanda. Upande mmoja wa njia anachora mambo yanayoweza kumsaidia, upande mwingine yanayoweza kumwangusha, na hapa haruhusiwi kuwa mvivu: anatakiwa afikie hata kumi kila upande. Halafu anarudi mwanzo wa njia na kujiuliza, katika mwaka mmoja tu, naweza kufika wapi? Anachora hapo alama. Mwaka huo anaugawa vipande vinne vya miezi mitatu mitatu, na katikati ya kila kipande anachora kitendo chenyewe atakachofanya: jembe, mche, sanduku la akiba, kichanja cha kukaushia kahawa.

Angalieni ubora wa kazi hii. Penseli inamlazimisha mtu kutaja vitu. Maneno kama kuboresha, kuimarisha na kujenga uwezo, ambayo yamejaa kwenye mipango yetu, hayachoreki. Mtu akiambiwa achore kuboresha huduma, itabidi kwanza aseme nani anafanya nini na kwa chombo gani, na hapo ndipo lengo linapozaliwa. Mwenye daftari ni mkulima mwenyewe. Halifungiwi kabatini kwa meneja. Kila miezi mitatu analifungua, mbele ya wenzake wa kikundi, na mchoro unasema bila kuficha kichanja kimejengwa au hakijajengwa. Na yeye akishajua, anamfundisha jirani. Mafunzo yalienea mlimani kwa mtindo huo, mkulima kwa mkulima, bila kusubiri mkufunzi wa kulipwa.

Kuna jambo jingine lililotokea Kyarumba ambalo linanigusa zaidi. Tatizo la kahawa lilikuwa ubora. Kahawa ilikuwa ikichumwa mbichi na kuanikwa chini kwenye udongo, na bei yake ikawa ya chini. Afisa yeyote wa kilimo angeandika lengo la mwaka: kutoa mafunzo ya uchumaji bora. Lakini wakulima walipochora mti wa kazi za nyumbani, nani anafanya kazi gani na nani anashika fedha, waliona sababu ambayo semina isingeigusa. Mke na mume hawakuaminiana. Kahawa ilichumwa mbichi kwa sababu kila mmoja aliogopa mwenzake atawahi kuichuma na kuiuza. Walijua vizuri kabisa kwamba mbivu ndiyo yenye bei. Kwa hiyo lengo lililohitajika lilikuwa makubaliano ndani ya nyumba, ya kazi na ya fedha, na familia nyingi zilianza kuyafanya hayo: wanaume wakashika kazi ambazo hawakuzishika zamani, na ubora wa kahawa ukaanza kupanda kutoka nyumbani.

Nawasihi mlitafakari hili kabla ya kuandika lengo lolote. Kila mara mtu anapofanya kazi vibaya, tunakimbilia kusema hajafundishwa. Pengine amefundishwa mara tano. Mkunga asiyejaza chati ya uchungu anaweza kuwa yuko peke yake na wazazi wanane usiku kucha. Muuguzi asiyenawa mikono anaweza kuwa hana maji. Kumpeleka semina mtu asiye na maji ni kumwonea. Ukitaja tendo na kwenda kulishuhudia mahali linapofanyika, utauona ukosefu wa maji kwa macho yako, na utajua kwamba unachohitaji mwaka huu ni tangi.

Sasa nije kwenye mambo yanayoyaua malengo baada ya kuandikwa.

La kwanza ni posho za semina, na tuseme ukweli mtupu. Mishahara ni midogo, na siku ya semina ya nje huleta chochote nyumbani. Matokeo yake anayepelekwa kufundishwa si lazima awe ndiye mfanyaji wa kazi. Anaweza kuwa ndiye ambaye zamu yake ya kupata posho imefika. Sidhani dawa ni kuwakemea watu. Dawa ni kuhamishia sehemu kubwa ya mafunzo palepale wodini na shambani, kwa vipindi vifupi vya nusu saa, ambapo hakuna safari na hakuna posho, na kuhakikisha kwamba jina la anayekwenda semina ya nje linatoka kwenye lengo. Kama lengo ni la wakorogaji wa klorini, asiende mhasibu.

La pili ni uhamisho. Mtumishi wa serikali anahamishwa, na anaondoka na kila alichojifunza. Kwa hiyo lengo liandikwe kwa nafasi ya kazi, lisifungwe kwa jina la mtu: kila anayeshika zamu ya usiku ya mapokezi, awe amekuja jana au miaka kumi iliyopita. Mgeni asikabidhiwe zamu kabla hajashuhudiwa. Hili halina gharama, na bado ni sehemu chache sana linapofanyika.

La tatu ni kalenda. Mvua zetu ni mbili kwa mwaka, na Mei ni mwezi wa kuogopwa katika bonde la mto Nyamwamba. Tarehe 1 Mei 2013 mto ule ulivunja kingo na kuikumba Hospitali ya Migodi ya Kilembe. Mei 2020 ukarudi kwa nguvu zaidi, ikabidi wagonjwa wahamishwe. Mpango wa mafunzo ulioandikwa Kasese bila kuitaja Mei umeandikwa na mtu ambaye hajatoka nje. Hospitali yoyote iliyo karibu na mto iwe na lengo hili: kabla ya Machi kwisha, kila wodi iwe imefanya zoezi kamili la kuwatoa wagonjwa, likiwemo la usiku, na mtu mmoja aliyetajwa awe anajua nani anabeba mtungi wa oksijeni na nani anabeba rejista. Vilevile msipange mafunzo ya Bwera siku za gulio la Mpondwe, maelfu ya watu wanapovuka. Siku hizo ndizo za kushuhudia kazi inavyokwenda chini ya msongamano.

La nne ni lugha. Mgonjwa wa Bwera anaweza kuzungumza Lukonzo, Kinande, Kiswahili cha Kongo au Rutooro, na mfanyakazi anayempokea vilevile. Miongozo yetu karibu yote ni ya Kiingereza. Baraza la Mawaziri la Uganda lilipitisha Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni, na hapa mpakani hatukuhitaji kusubiri tangazo hilo ili tukitumie sokoni. Tukitumie na kwenye mafunzo, pamoja na Lukonzo. Maswali matatu ya askari wa getini yaandikwe kwa lugha ambayo atayauliza, yabandikwe getini, na ashuhudiwe akiyauliza kwa lugha hiyo.

Nimewahi kupingwa juu ya haya, na wapingaji wangu walikuwa na hoja. Wengine walisema kushuhudiana ni kupelelezana, na kwamba mfanyakazi akijua anatazamwa ataficha makosa yake. Hofu hiyo ni ya kweli, na ina jibu moja tu: kinachoonekana kwenye mafunzo kisiingizwe kwenye tathmini ya utumishi ya mwaka. Shahidi awe mwenzake wa kazi ileile. Karatasi yake ibaki wodini. Siku ambayo alama za mazoezi zitatumiwa kumnyima mtu cheo, mazoezi yamekufa, na msitarajie mtu kuonyesha tena asichokijua.

Wengine walisema kuna mambo ya maana yasiyoshuhudiwa kwa kutazama mkono: huruma, busara, uamuzi wa daktari kati ya njia mbili ngumu. Hapo nakubali kwa sehemu. Busara haipimwi kwa orodha ya hatua. Lakini inaonekana watu wanapoketi kupitia kesi ya mama aliyefia leba, kila mmoja akaeleza alichokiona na alichoamua saa ile. Kikao hicho nacho ni tendo. Kinaweza kuwekwa kwenye mpango kwa tarehe, kwa sharti kwamba kila mara kitoke na badiliko moja, na kikao kinachofuata kianze kwa kuuliza kama badiliko hilo limefanywa.

Malengo yawe mangapi? Kwa idara moja kwa mwaka, ningesema matatu, na kama idara ni ndogo, moja. Najua jedwali la wizara lina safu nyingi zaidi. Jazeni safu hizo kama inavyotakiwa, lakini myajue moyoni yale matatu, na kila mtu wa idara ayajue bila kusoma. Malengo ishirini hayatazamwi na mtu. Miezi mitatu ya kwanza ikipita na lengo halijasogea, msilibebe tu hadi robo inayofuata. Ulizaneni kinachozuia, na mkiona kizuizi si ujuzi, lifuteni na kupeleka nguvu na fedha kwenye kizuizi chenyewe. Kulifuta lengo bovu mwezi wa Oktoba ni kazi nzuri ya usimamizi, na ninyi wakuu mliopo hapa mnapaswa kuipokea hivyo.

Ombi langu kwenu ni hili. Kabla jedwali la mwaka ujao halijapelekwa wilayani, kila mmoja wenu aite kikao kimoja cha saa mbili. Awaite mfagizi, askari, dereva, mkunga wa zamu ya usiku, na katika vyama vya ushirika mchumaji na mpimaji wa mizani. Wagawieni daftari na penseli. Waambieni wachore kazi yao ilivyo leo, na jinsi wangependa ionekane Juni 30 ijayo, na kile ambacho wangeweza kukifanya mbele ya macho ya mwenzao ifikapo Septemba. Anzeni na michoro hiyo, ndipo muandike. Na ikiwa mtapata nafasi ya lengo moja tu mwaka huu, naomba liwe la yule anayekoroga klorini.